Tunapiga Msuli, Msuli Wenyewe Hatuujui

Muulize mwanachuo yeyote anayesoma mambo ya samaki: nyuzi za misuli ya samaki ni za aina ngapi? Atakujibu papo kwa papo: nyekundu na nyeupe. Nyekundu zina damu nyingi, ni za mwendo wa taratibu, hazichoki upesi. Nyeupe zina damu kidogo, ni za kasi, zinachoka haraka. Jedwali hilo la safu mbili liko kwenye desa la kila mtu, na desa lenyewe limerithiwa kwa waliomaliza, nao walilirithi kwa waliowatangulia. Swali likitokea kwenye UE, alama zimeingia. Sasa mwongezee swali moja tu: je, kifaranga aliyeanguliwa jana naye yuko hivyo hivyo? Hapo watu wanaanza kutazamana.

Naandika makala hii kusema kwamba swali hilo la pili ndilo lenye uzito, na ndilo tunaloliruka. Tunamsoma samaki kana kwamba anatoka kwenye yai akiwa tayari wa kukaangwa. Wengi wetu tutaajiriwa, au tutajiajiri, kwenye ufugaji, na huko mali ya kwanza mtu anayonunua ni kifaranga. Kuliruka swali la kifaranga ni kumruka mkulima atakayetutegemea.

Jedwali si la uongo, ila limeanzia katikati

Tulitendee haki jedwali kwanza. Nenda soko la Feri pale Dar es Salaam, mtazame anayepara samaki. Akimkata kibua, utaona ukanda wa nyama nyeusi ubavuni, chini kidogo ya ngozi. Hizo ndizo nyuzi nyekundu. Zinapata damu kwa wingi, zina mafuta, zina mitokondria tele, na zina mayoglobini inayozipa rangi. Nyama nyingine yote, ile tunayoigombania kwenye sahani, ni nyuzi nyeupe. Akimpasua jodari utakuta ile nyama nyeusi imeingia ndani karibu na uti wa mgongo, ambako jodari huitunza ikiwa na joto kuliko maji anamoogelea. Jodari ni msafiri wa bahari nzima, hapumziki, kwa hiyo haishangazi kwamba mashine yake ya safari imewekwa mahali pa joto.

Mgawanyo wa kazi kati ya nyuzi hizi haukukisiwa tu. Mwaka 1966 Quentin Bone, aliyekuwa akifanya utafiti Plymouth, Uingereza, alichapisha matokeo ya kupima umeme wa misuli ya papa wadogo. Walipoogelea polepole, zilizofanya kazi ni nyuzi nyekundu. Waliposhtuka na kuchomoka, nyeupe zikaingia. Mwaka 1988 Lawrence Rome na wenzake wakaeleza sababu kwa kutumia samaki aitwaye karpi: kila aina ya uzi ina mwendo wake wa kujifupisha ambao ndani yake unatoa nguvu vizuri. Uzi mwekundu hauwezi kujifupisha haraka kiasi cha kumwokoa samaki anapovamiwa. Uzi mweupe unaweza, lakini ukiutumia kwa matembezi ya kawaida unapoteza nishati bure. Ni kama kwenda dukani hapo mtaani kwa lori la mizigo: utafika, ila mafuta utalia.

Mpaka hapo jedwali liko sawa. Kasoro yake ni kwamba linaanzia katikati ya hadithi. Linamwonyesha samaki aliyekwisha kukua, halafu linatuacha tuamini kwamba mtoto wake ni yeye yule aliyepunguzwa ukubwa.

Kifaranga ana mpango wake

Mengi yanayojulikana kuhusu mwanzo wa msuli wa samaki yametoka kwa samaki mmoja mdogo wa Asia Kusini, Danio rerio, mwenye mistari kama punda milia. George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ndiye aliyempa umaarufu kwa kazi aliyoichapisha mwaka 1981. Sifa yake kubwa ni kwamba kiinitete chake kinapitisha mwanga, yaani unaona mwili unavyojengwa bila kuupasua. Na kabla hujasema hayo ni mambo ya wazungu, fahamu kwamba dagaa wa Ziwa Victoria, yule Wakenya wanayemwita omena, amewekwa na wataalamu katika familia moja na samaki huyo, Danionidae. Ni ndugu wa ukoo, ingawa wa mbali.

Sasa tazama kinachotokea. Mgongoni mwa kiinitete kuna fimbo laini iitwayo notokodi, ambayo ndiyo egemeo la mwili kabla ya uti wa mgongo. Fimbo hiyo inatoa protini iitwayo Sonic hedgehog. Seli zilizo jirani kabisa na notokodi zikipokea ujumbe huo zinachukua njia ya kuwa nyuzi za taratibu. Lakini nyuzi za taratibu mahali pake ni juu, chini ya ngozi, siyo ndani. Kwa hiyo seli hizo zinahama. Mwaka 1996 Stephen Devoto na wenzake walionyesha kwamba zinatoka katikati ya mwili, zinapita katikati ya seli nyingine, hadi zinafika juu na kutandazwa kuwa tabaka moja jembamba. Kwa kila kipande cha msuli, kila upande, ni kama nyuzi 20 tu. Chache zinabaki katikati, na zinasaidia kuweka mpaka kati ya nyama ya juu na ya chini. Seli zilizopitwa njiani ndizo zinazoungana, kadhaa kuwa uzi mmoja wenye viini vingi, na hizo ndizo nyuzi za kasi.

Yote haya hufanyika ndani ya siku moja hivi, maji yakiwa na joto la sentigredi 28. Hata kabla siku hiyo haijaisha, kiinitete kimeshaanza kujikunja ndani ya yai. Siku ya pili au ya tatu kinaanguliwa. Siku ya tano kinawinda chakula. Jamani, siku tano! Sisi ndani ya siku tano bado tunasubiri ratiba ya mihadhara itulie.

Umeona kwamba mpaka hapa sikutaja rangi? Nimefanya makusudi. Mwili wa kifaranga unapitisha mwanga, huoni wekundu wala weupe. Kinachozitofautisha nyuzi ni zilipotoka, ujumbe zilioupokea na kazi zinayofanya. Ndiyo maana napendekeza tuziite nyuzi za taratibu na nyuzi za kasi. Jina la kazi linafaa kwa mtoto na kwa mzazi. Jina la rangi linamfaa aliyeko kwenye kikaango.

Pale jedwali linapokupoteza

Kuna jambo ambalo mtu aliyekariri atalikosa kabisa. Jedwali linasema nyuzi za kasi zinafanya kazi bila kutegemea sana oksijeni: zinachoma glikojeni, zinatoa asidi ya laktiki, zinachoka. Kwa samaki mkubwa ni kweli. Kwa mtoto, hapana. Utafiti uliofanywa Austria miaka ya 1980 kwa watoto wa samaki jamii ya karpi ulionyesha kwamba katika siku za mwanzo hata nyuzi za ndani zimejaa mitokondria na zinategemea oksijeni. Uwezo wa kufanya kazi bila oksijeni unakuja baadaye, kadiri matamvua yanavyoanza kazi na mwili unavyonenepa.

Ukifikiri kidogo utaona mantiki yake. Kifaranga wa milimita chache ana ngozi nyembamba, na hakuna sehemu ya mwili wake iliyo mbali na maji. Oksijeni inapita ngozini na kufika kwenye kila uzi. Hana haja ya akiba kubwa ya kufanyia kazi gizani, kwa kusema hivyo, kwa sababu taa iko jirani.

Halafu kuna maji yenyewe. Kwa samaki mdogo kiasi hicho maji yana mnato. Sangara akipiga mkia mara moja anateleza mbele. Kifaranga akiacha kupiga mkia, anasimama pale pale, kama mtu anayetembea ndani ya uji. Kila hatua anailipia. Na adui akija ana nafasi moja: kujikunja kama herufi C na kuchomoka. Amri hiyo inatoka kwenye jozi ya seli kubwa za neva kisogoni, na inafika kwenye nyuzi za kasi kwa sehemu chache za elfu za sekunde. Nyuzi hizo zikiwa dhaifu, habari yake imeishia hapo.

Maana yake kwa mfugaji ni hii: msuli wa kifaranga haujajengwa kuvumilia upungufu wa oksijeni kama wa samaki mkubwa. Beseni lililojazwa vifaranga kupita kiasi, mfuko wa kusafirishia ulioachwa juani, maji yasiyobadilishwa, vyote vinamgusa pale pale mwendo wake unapotoka. Mtu aliyekariri kwamba uzi wa kasi hauhitaji oksijeni hawezi kuliona hilo hata akisimama juu ya beseni.

Idadi ya nyuzi ni mtaji

Tuje kwenye kukua, maana hapa ndipo pesa ilipo. Jamaa anayenyanyua vyuma kila jioni, mikono ikajaa, kwa sehemu kubwa haongezi nyuzi mpya. Anazinenepesha zile alizonazo, kwa kuwa idadi ya nyuzi za binadamu huwa imekamilika kwa kiasi kikubwa karibu na kuzaliwa. Samaki wanaokua wakubwa hawako hivyo. Wanafanya mambo mawili kwa pamoja: wananenepesha nyuzi za zamani na wanatengeneza mpya. Mwanzoni nyuzi mpya zinaongezwa kwa matabaka, kwenye kingo za msuli. Baadaye zinazaliwa katikati ya zile za zamani, ndiyo maana ukikata nyama ya samaki anayekua na kuitazama kwenye hadubini utaona nyuzi nene na nyembamba zimechanganyika kama vigae vya sakafu. Samaki wa aina ndogo huacha kuongeza nyuzi mapema. Wa aina kubwa huendelea kwa muda mrefu, wengi mpaka wanapokaribia nusu ya urefu wao wa mwisho.

Uzi hauwezi kunenepa bila mwisho. Ukizidi unene, oksijeni na chakula vinachelewa kufika katikati yake. Kwa hiyo samaki mwenye nyuzi nyingi ana nafasi kubwa ya kukua, na hata nyama yake ikipikwa huwa na ukakamavu mzuri zaidi mdomoni. Idadi ya nyuzi ni mtaji. Mwenye mtaji mdogo anaweza kufanya biashara, lakini atafika ukomo mapema.

Na mtaji huo unaanza kuhesabiwa lini? Jibu zuri limetoka kwa samoni. Mwaka 2008 Daniel Macqueen, Ian Johnston na wenzao, kutoka Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, walichapisha jaribio hili: mayai ya samoni yalitunzwa kwenye maji ya sentigredi 2, 5, 8 na 10, lakini mpaka pale tu macho ya kiinitete yalipoonekana. Baada ya hapo wote walilelewa katika hali moja. Samaki walipokua wakubwa, makundi bado yalitofautiana kwa namna yalivyokua na kwa idadi ya nyuzi za kasi. Kundi la sentigredi 5 ndilo lililokuwa na nyuzi nyingi kuliko mengine. Yaani joto la wiki chache ndani ya yai lilikuwa bado linasomeka kwenye nyama miaka kadhaa baadaye. Samaki ngozini hakumbuki, msulini anakumbuka.

Simaanishi tuchukue zile sentigredi 5 tuziweke kwenye matangi ya sato. Samoni ni wa maji ya baridi, sato ni wa maji ya joto, na namba ya mmoja haimvishi mwingine. Tunachopaswa kukichukua ni swali: yai lilikaa kwenye maji ya namna gani kabla mkulima hajamwona kifaranga?

Ukimnyang'anya mama mayai, mama ni wewe

Sato ana tabia ya ajabu kidogo. Jike akishataga anayabeba mayai kinywani, na watoto wakianguliwa wanaendelea kukaa humo mpaka waweze kujitegemea. Mama huyo ni kituo kinachotembea. Maji yakimchosha hapa anaweza kuhamia pale, na muda wote mayai yanageuzwa na kupitishiwa maji kinywani.

Kwenye vituo vya kuzalishia vifaranga tunayatoa mayai kinywani mwake tunayaweka kwenye chupa za maji yanayozunguka. Sipingi. Ndiyo njia ya kupata vifaranga wengi wa umri mmoja. Ila tukishafanya hivyo, maamuzi yote ya mama yamehamia kwetu: joto, mwendo wa maji, oksijeni, msongamano. Na tunayafanya katika siku zilezile ambazo msuli unajengwa. Tanuri likikosewa moto, mkate hauwezi kurekebishwa mezani.

Sasa fikiria miaka mitatu ijayo. Umeajiriwa, watu wanakuita bwana samaki au bibi samaki. Unafika kwenye bwawa la mzee mmoja. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nisaidie, hawa nimewalisha chakula kilekile, bwawa lilelile, mbona nusu yao wamedumaa?" Utamwambia aongeze pumba? Jibu laweza kuwa chakula, laweza kuwa msongamano, laweza kuwa mbegu. Lakini kama hujui kwamba yapo mambo yaliyoamuliwa kabla kifaranga hajafika bwawani, hutamuuliza mzee vifaranga alivinunua wapi, vilianguliwa lini, vilisafiri saa ngapi. Utamuuzia lawama ya chakula, naye ataingia mfukoni tena.

Kwa kambare ni hatari zaidi, kwa sababu vifaranga wakitofautiana ukubwa, wakubwa wanawala wadogo. Hapo tofauti ya nguvu na kasi haisubiri siku ya kuvuna. Inakatwa hesabu usiku uleule.

Wanaosema haiwezekani

Nimelizungumza hili vimbwetani na majibu nayajua. La kwanza: "Vifaa hatuna, hayo ni ya maabara za Ulaya." Si kweli yote. Kufuatilia jeni kunahitaji fedha, nakubali. Kuona msuli unavyoanza hakuhitaji. Mayai ya kambare yakiwa kwenye maji ya joto zuri yanaanguliwa ndani ya siku moja na nusu hivi, na mkia wa mtoto unapitisha mwanga. Kijiko kimoja cha mayai kutoka kituo chochote cha vifaranga kinatosha darasa zima. Kwa hadubini ya kawaida utaona vipande vya msuli vimepangwa kama herufi V zilizolala, ambavyo akikua vitajikunja kuwa kama W. Chukua vipande viwili vya plastiki ya polaraizi, ile ya kwenye miwani fulani ya jua, weka kimoja chini ya mtoto na kingine juu, zungusha cha juu mpaka mwanga uzimike. Msuli peke yake utang'aa kwenye giza. Mahali msuli ulipovurugika, mng'ao unakatika. Wenye maabara kubwa nao wanatumia mbinu hiyohiyo.

La pili: "Mtihani hauulizi." Hapo nakubaliana na mlalamikaji, ila lawama naipeleka kwa mtihani. Mwanafunzi anafuata alama kama nzi anavyofuata kidonda, huwezi kumlaumu. Swali likiwa "taja tofauti sita," tutataja sita na kusahau sita. Swali likiwa "kwa nini kifaranga wa siku tatu anaathirika haraka oksijeni ikipungua, eleza kwa kutumia nyuzi zake za misuli," desa la kurithi litakufa siku hiyohiyo.

La tatu: "Kozi imeshajaa." Sawa, hatuombi kozi mpya. Tunaomba mhadhara mmoja wa jedwali ugeuzwe kuwa asubuhi moja ya mayai na hadubini.

Tunachoomba, na tunachoweza kuanza wenyewe

Kwa walimu wetu ombi ni moja: somo la misuli lianzie kwenye yai, na liulizwe hivyo kwenye mtihani. Kwa serikali yetu ya wanafunzi: mnapokaa na uongozi kuhusu mafunzo kwa vitendo, msiishie kwenye posho, ingawa posho nazo tunazitaka. Ombeni pia kwamba kila anayekwenda mafunzoni kwenye kituo cha vifaranga apewe kipimajoto na daftari, aandike joto la maji ya mayai asubuhi, mchana na usiku, na daftari hilo lirudi chuoni. Baada ya miaka michache tutakuwa na kumbukumbu zetu za sato na kambare, badala ya kuazima za samoni.

Na sisi wenyewe tuna kazi moja isiyohitaji kibali. Tuyaandike haya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, wa kubandikwa ukutani pale vifaranga vinapouzwa: kifaranga anajenga msuli siku hizi na hizi, mwepushie joto la ghafla, msongamano na maji mafu. Klabu yoyote ya wanafunzi inaweza kuuandika ndani ya wikiendi moja. Mtaani "kupiga msuli" ni kusoma mpaka usiku wa manane. Basi wiki hii watakaojitolea tukutane vimbwetani Jumamosi asubuhi, na anayeweza kupata kijiko cha mayai ya kambare aje nacho.